Ganzi ya Kwanza ni Salamu

Katika hospitali nyingi za wilaya, chumba cha meno kiko mwishoni mwa korido na benchi la wanaosubiri limewekwa mlangoni kabisa. Mlango wenyewe huachwa wazi kwa sababu ya joto. Aliyefika na jino lililomkesha tangu juzi anaketi pale na kusikia kila kitu: koleo likirudishwa kwenye trei ya chuma, mashine ikilia, mtoto akipiga mayowe, na sauti ya mtu mzima ikirudia "tulia, bado kidogo". Kisha anamwona anayetoka, ameuma pamba, mkono shavuni, macho mekundu. Zamu yake inapofika, mgonjwa huyu ameshaumia kabla hajaguswa. Wapo wanaoinuka kimyakimya, wakajifanya wanakwenda msalani, wasirudi tena.

Watu hao tumezoea kuwaita waoga. Mimi siwaiti hivyo. Aliyewahi kung'olewa gego ganzi ikiwa haijashika, huku watu wawili wamemkamata mikono, ana sababu nzuri ya kuondoka kwenye foleni. Hofu yake alifundishwa, na alifundishwa palepale kwenye kile kiti. Ndiyo maana naamini kazi ya kuiondoa ni ya wenye chumba kabla ya kuwa ya mgonjwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haisubiri fedha za mfadhili wala mashine kutoka ng'ambo.

Hofu hii ina gharama. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watu bilioni 3.5, karibu nusu ya watu wote duniani, wana maradhi ya kinywa, na kwamba watatu kati ya kila wanne wao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Tanzania na Kenya zimo katika kundi hilo. Ugonjwa unaoongoza ni meno kuoza na kuachwa bila kutibiwa.

Kila mtu anaijua safari ya jino hilo. Linaanza na tundu dogo, mwenyewe anahamia kutafuna upande wa pili. Likianza kuuma usiku ananunua vidonge dukani, anameza vile vya rangi mbili vilivyobaki kwa jirani, anasukutua maji ya chumvi. Siku moja linanyamaza, naye anashukuru Mungu. Mara nyingi jino lililouma vikali kisha likanyamaza lenyewe ni jino ambalo kiini chake kimekufa. Vijidudu vinaendelea na kazi chini ya mzizi, na baada ya wiki au miezi shavu linavimba. Hapo ndipo anapokimbilia hospitali, na hapo ndipo ganzi inapomkataa, kwa kuwa nyama yenye usaha ina asidi na dawa ya ganzi hufanya kazi kwa shida kwenye asidi. Kwa hiyo aliyechelewa kwa kuogopa maumivu ndiye anayeumia kuliko wote. Akirudi nyumbani anasimulia yaliyomkuta, na wanaomsikiliza nao wanaahirisha.

Katika masimulizi hayo huchanganywa na yasiyo kweli, hasa lile la kwamba uking'oa jino la juu unaharibu jicho. Mshipa mkuu wa fahamu wa uso hugawanyika matawi matatu: moja huhudumia jicho na paji la uso, la pili taya la juu, la tatu taya la chini. Kung'oa gego la juu hakuligusi tawi la jicho. Kinachoweza kufika jichoni ni usaha wa jino bovu lililoachwa muda mrefu. Haya mgonjwa angeelezwa kwa utulivu, akiwa bado hajafungua mdomo, angerudi mtaani na maneno mengine ya kusimulia.

Na tuseme ukweli, hofu nyingine tunaipanda sisi wazazi. "Ukiendelea kulia nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano." Sentensi hiyo imesemwa katika nyumba nyingi sana, nasi huisema bila kufikiri. Mtoto anayekua akitishiwa daktari kama adhabu atafikaje kwake siku ya kwanza akiwa ametulia?

Hofu ya meno inapimika, tena kwa urahisi. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Norman Corah, alitunga maswali manne: ungejisikiaje kama ungekuwa na miadi ya meno kesho, ukiwa umekaa unasubiri zamu, ukisubiri mashine ya kuchonga jino iwashwe, na ukisubiri kukwanguliwa ugaga. Mwaka 1995 Gerry Humphris na wenzake wa Uingereza waliongeza swali la tano, la sindano ya ganzi. Kila jibu lina alama kuanzia 1 hadi 5. Anayepata 19 au zaidi kati ya 25 ana hofu kubwa na anahitaji kuhudumiwa kwa uangalifu wa pekee. Karani wa mapokezi anayeuliza jina, mtaa na namba ya bima anaweza kuuliza na hili: je, unaogopa, na unaogopa nini hasa? Yupo anayeogopa sindano, yupo anayeogopa mlio wa mashine. Wapo wanaoogopa kukabwa na maji kooni, na wapo wanaoogopa bei watakayotajiwa wakiwa tayari wamelala na taa imewamulika usoni. Huyo wa mwisho angetulia kwa karatasi moja tu iliyobandikwa ukutani, yenye bei za kung'oa, kuziba na kusafisha.

Kisha kuna salamu. Mama mwenye umri wa kumzaa daktari anaingia, daktari hainui macho kwenye kadi, anasema "kaa hapo, fungua mdomo". Katika jamii yetu huko ni kumvunjia mtu heshima, na mtu aliyevunjiwa heshima mwili wake unakakamaa. Daktari kijana anayesimama, akamwamkia shikamoo kabla hajavaa barakoa, akasubiri marahaba, akauliza ametoka wapi na jino limeanza lini, ametumia nusu dakika. Nusu dakika hiyo inamwonesha mgonjwa uso wa mtu atakayemtia chuma mdomoni. Baada ya hapo hatauona tena, ataona miwani, barakoa na taa, na mdomo wake mwenyewe hautaweza kusema kitu. Ndiyo sababu maneno yote muhimu yanapaswa kusemwa mgonjwa akiwa ameketi wima, wakitazamana ana kwa ana.

Kinachofuta salamu hiyo ni karipio. "Meno gani haya?" "Ulikuwa wapi muda wote huu?" Nimesikia maswali hayo yakiulizwa kwa sauti, mlango ukiwa wazi, foleni nzima ikisikia. Huko Arusha na kando ya Mlima Meru wapo watu wengi wenye meno ya madoa ya kahawia. Miamba ya volkano imeyapa maji ya eneo hilo floraidi nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya chemchemi na visima vya huko huzidi kiwango hicho mara kadhaa. Madoa hayo huingia utotoni, jino likiwa bado linaumbika ndani ya taya, na hakuna mswaki unaoyatoa. Hata hivyo mtu mzima mwenye meno hayo bado anaulizwa kama huwa anapiga mswaki. Akishaaibishwa namna hiyo atafunika mdomo kwa kiganja akicheka, na hatarudi hata likioza jino lingine. Mtafuna tambuu na mvuta sigara nao wanahitaji ushauri, lakini ushauri unaoingia ni ule unaotolewa baada ya maumivu kwisha, kwa sauti ya chini.

Sindano inastahili kuzungumzwa kirefu, maana ndiyo inayotajwa na wengi. Dawa ya ganzi inayotumika zaidi leo, lidokeini, ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943. Ni dawa ya siku nyingi na inafanya kazi vizuri mno ikipewa nafasi. Kinachouma katika sindano hiyo ni mambo mawili, ncha inayotoboa fizi na dawa inayosukumwa kwa haraka ndani ya nyama iliyobana. La kwanza hupunguzwa kwa kupaka jeli ya ganzi juu ya fizi na kuingoja, na kwa kuuvuta mdomo au shavu lijinyooshe kabla ncha haijaingia. La pili hupunguzwa kwa subira. Mwendo unaofundishwa vyuoni ni takriban mililita moja kwa dakika. Kichupa cha kawaida cha dawa hiyo kina mililita 1.8, kwa hiyo sindano nzuri inakaribia dakika mbili. Inayomalizika kwa sekunde chache inauma bure.

Baada ya sindano ni kungoja. Taya la chini huchelewa kufa ganzi kuliko la juu, na kipimo chake ni mdomo wa chini: mgonjwa mwenyewe atasema umekuwa mzito. Asiposema hivyo, koleo libaki kwenye trei. Daktari mwenye foleni ndefu anaweza kumchoma huyu, akamrudisha kwenye kiti cha pembeni, akamwita wa pili kumchunguza huku wa kwanza ganzi ikishika. Muda haupotei, na hakuna anayeng'olewa jino lililo hai.

Lipo jambo moja ambalo likisemwa huondoa nusu ya vilio, na linasemwa mara chache mno. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi hisia ya kusukumwa. Mgonjwa atasikia jino likitikiswa, atasikia mlio ndani ya kichwa, atasikia taya likibanwa. Asiyeambiwa mapema anadhani ganzi imeisha na kwamba maumivu yako njiani, anapiga kelele, na daktari anamwona msumbufu. Aliyeambiwa "utasikia msukumo na mlio, hutasikia ukali, ukisikia ukali inua mkono wa kushoto nami nitaacha" anatulia. Mkono huo ni wa thamani kubwa, ila kwa sharti moja: ukiinuliwa, daktari aache kweli, aulize, aongeze dawa. Akiupuuza mara moja tu, mgonjwa amejua kwamba aliahidiwa uongo, na hakuna maneno yatakayomrudishia imani siku hiyo.

Wanaosema kwamba maumivu ni sehemu ya kazi hii wameisahau historia yake. Desemba 1844, mjini Hartford nchini Marekani, daktari wa meno aitwaye Horace Wells alihudhuria onesho la gesi ya kuchekesha, akamwona mtu mmoja aliyejijeruhi mguu bila kuhisi chochote. Kesho yake, tarehe 11, Wells aliivuta gesi hiyo mwenyewe, mwenzake akamng'oa gego. Miaka miwili baadaye, Oktoba 16, 1846, daktari mwingine wa meno, William Morton, alimlaza mgonjwa wa upasuaji kwa etha hospitalini Boston, mbele ya madaktari. Usingizi wa dawa unaotumika leo katika vyumba vya upasuaji duniani kote ulianzia mikononi mwa watu wa meno, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakisikia vilio kila siku na hawakukubali viwe desturi.

Na sisi Afrika Mashariki tunayo sehemu yetu katika historia hiyo. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa shule changa ya meno ya Muhimbili, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wakipeleka huduma vijijini. Mashine za kuchonga jino zinataka umeme, maji na fundi, na vijijini vyote vitatu vilikuwa adimu. Miongoni mwao alikuwapo daktari Mholanzi, Jo Frencken. Wakajaribu kuacha mashine kabisa. Walikwangua sehemu laini iliyooza kwa vijiko vidogo vya chuma vyenye makali, kwa mkono, wakalisafisha tundu na kulijaza simenti. Sehemu laini iliyooza haina hisia kama sehemu iliyo hai, kwa hiyo mara nyingi hapakuwa na haja ya sindano. Mlio wa mashine haukuwapo.

Kutoka Tanzania njia hiyo, ambayo duniani inajulikana kwa kifupi ART, ilikwenda kupimwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka ule ilikuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza rasmi. Simenti inayotumika sasa ni ya glasi ionoma. Hujishika yenyewe kwenye jino, hutoa floraidi kidogo kidogo inayolinda kingo za tundu, na daktari huikandamiza kwa kidole cha glovu kilichopakwa mafuta mazito. Mwaka 2021 simenti hiyo iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na ile ya maji yenye madini ya fedha ambayo hupakwa kwa brashi na kusimamisha kuoza, ingawa huacha doa jeusi.

Njia hii ina mipaka yake. Haifai jino ambalo kiini chake kimekufa wala lenye jipu, na hufanya vizuri zaidi kwenye tundu la upande mmoja kuliko tundu linalokula pande mbili. Lakini kwa mtoto wa shule mwenye tundu changa kwenye gego, ndiyo tiba ya upole kuliko zote. Inauma rohoni kuona kwamba katika nchi ilikozaliwa, vipo vituo ambavyo huduma ya meno maana yake ni kung'oa tu. Mgonjwa anakwenda na jino ambalo lingezibwa, anaambiwa simenti hakuna, anachagua kati ya koleo na kurudi nyumbani. Kijiji kikishaona kwamba kila anayeingia mle hutoka na pengo, hakitapeleka watoto mapema, nacho kitakuwa na haki.

Harufu nayo ina nguvu kuliko tunavyodhani. Harufu ile ya chumba cha meno tunayoijua wote ni ya karafuu, maana mafuta yake, yujenoli, huchanganywa katika simenti za muda za kuzibia meno. Kwa mtu wa Pemba harufu hiyo ni ya jamvi la kuanikia na ya pilau, lakini kwa aliyewahi kuumizwa kitini, pua ikiinasa tu mlangoni moyo unaanza kwenda mbio. Dirisha lililofunguliwa, feni, na simenti inayochanganywa mbali na wanaosubiri vinasaidia. Benchi lihamishiwe chini ya mti au upande wa pili wa jengo, mlango ufungwe, na redio iliyo karibu iwashwe, ili mlio wa mashine usiwe ndio utumbuizo wa foleni.

Watoto wanataka utaratibu wao. Tangu mwaka 1959, daktari wa Marekani aitwaye Addelston alipouandika, madaktari wa watoto hufuata hatua tatu: eleza, onesha, tenda. Mtoto anaambiwa kwa maneno anayoyaelewa, anapewa kioo kidogo akishike, brashi ya kusafishia inazungushwa kwanza juu ya ukucha wake, halafu ndipo inaingia mdomoni. Mtoto ambaye bado hajaweza kukaa peke yake hana haja ya kiti kile kikubwa. Mama na daktari huketi wakitazamana, magoti yakigusana, mtoto akalazwa mapajani mwa wote wawili, kichwa kwa daktari na macho kwa mama. Wataalamu wanashauri mtoto aonekane kabla mwaka wake wa kwanza haujaisha. Wengi watashangaa, meno yenyewe si mawili au manne? Faida yake ni kwamba ziara hiyo ya kwanza haina sindano wala koleo. Anahesabiwa meno, anasifiwa, anarudi nyumbani, na kumbukumbu yake ya kwanza ya chumba kile ni hiyo.

Miji ya pwani ina la kwake pia. Mwezi wa Ramadhani wengi huacha kabisa kutibiwa meno, wakichelea kumeza maji au damu, na maumivu hupelekwa hadi baada ya Idi. Kliniki ya Mombasa, Tanga au Unguja ikifungua saa chache baada ya futari itawahudumia watu hao kabla majipu hayajaiva. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke, au kuwa na ndugu yake chumbani, aulizwe na atekelezewe panapowezekana.

Najua madaktari na matabibu wa meno watakaosoma haya watasema: njoo ukae siku moja na foleni yangu. Wana haki ya kusema hivyo. Wengi wao wako peke yao kwa wilaya nzima, wakingoja vifaa vitakasike, ganzi ikiwa inakaribia kwisha stoo. Daktari aliyechoka hawezi kuwa mpole mchana kutwa kwa kuhimizwa na gazeti. Ndiyo maana vipo vitu vinavyopaswa kununuliwa, navyo ni vya halmashauri na kaunti: ganzi ya kutosha pamoja na jeli yake, seti za ziada za vifaa ili mtu asikimbizwe, simenti ya glasi ionoma na vijiko vyake vya mkono, na muuguzi mmoja wa kushika mkono wa mgonjwa na kuzungumza naye. Mwaka wa fedha wa serikali zetu huanza Julai 1, na mapendekezo huandikwa miezi mingi kabla. Mganga mkuu wa wilaya ambaye hajaiandika simenti hiyo katika maombi yake aiandike sasa.

Nawe msomaji, kama kuna jino linalokusumbua, nenda kabla shavu halijavimba, kwa kuwa siku hiyo ganzi bado iko upande wako. Ukifika sema waziwazi kwamba unaogopa na kwamba utainua mkono ukiumia. Uliza kama jino linaweza kuzibwa kabla ya kukubali ling'olewe, na uliza bei ukiwa bado umeketi wima. Kama una mtoto, mpeleke mwezi huu akiwa hana maumivu yoyote, na usimtishie daktari tena.